Fundi wa Koki Tatu

Nianze kwa kukiri kabla hamjaambiwa na wengine: katika habari hii mjinga ni mimi. Kambini bado wanaisimulia, na kila anayeisimulia anaigiza sauti yangu, tena anaiigiza vibaya makusudi. Nimeona afadhali niisimulie mwenyewe, angalau nijipunguzie pale panapopunguzika.

Lakini habari yenyewe ni ya Fundi. Mimi nimo kama nzi kwenye chai.

Fundi alikuwa mtu wa maji katika shamba letu la mkonge, pale kati ya Kimamba na Rudewa. Mrefu, mwembamba, kiuno kimepinda kidogo kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha jana. Miguuni viatu vya mpira alivyoachiwa na Mzungu, vikubwa mno, akitembea vinapiga kelele mbele na nyuma. Begani spana ndefu kama mkono wangu mzima. Jina lake alikuwa nalo, ila hakuna aliyelitumia, hata mkewe alimwita Fundi. Ukimuuliza katokea wapi anaelekeza kidevu kule milimani, basi, maelezo yameisha.

Mimi na yeye tulikuwa watani. Yeye wa milimani, Mwanglikana wa kuimba nyimbo za kanisani huku anakaza nati. Mimi wa bondeni, jina la Kiislamu na swala za kuvizia. Watu wa kwao na watu wa kwetu wanataniana tangu mababu: mkikutana lazima mchokozane, na atakayekasirika ndiye kashindwa. Nikimkuta njiani nampa shikamoo yake kwanza, maana umri ni umri. Akishaitikia tu, naanza.

"Fundi, nasikia kwenu huko juu mbuzi mnawafunga kamba mbili wasidondoke."

"Wanadondoka tu, mtani. Ninyi huko chini mnawaokota, mnasema Mungu kawaletea riziki."

Hapo anaondoka zake, pwata pwata na viatu vyake, mimi nabaki natafuta jibu mpaka kesho.

Alikuwa na desturi zake. Kabla ya kugusa bomba lolote aligonga mara tatu kwa kucha, akaweka sikio. Watoto walimcheka, lakini siku moja aliweka sikio kwenye bomba la nyumba za makarani akasema, "Humu kuna chura." Wakafungua, chura huyu hapa, tena mnene. Kutengeneza taa ya mtu, sufuria iliyotoboka, baiskeli iliyolegea, hakuchukua kitu. Ukimletea kuku anakwambia mrudishe akatage. Lakini maji, bwana wee, hata kikombe hakukupa nje ya saa. Mchungaji alimwomba chupa moja ya maji safi ya kubatizia, kutoka Koki Namba Moja, chupa moja tu. Fundi akamjibu, "Mchungaji, Namba Moja ni ya bustani. Hujaandikiwa." Mtoto akabatizwa kwa maji ya mfereji, na Fundi mwenyewe alikuwapo kanisani anaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Sasa hizo koki ndizo habari.

Nyuma ya nyumba ya Bwana Mkubwa, yule Mzungu mwenye shamba, juu kabisa ya kilima, lilisimama tangi la maji, na chini ya tangi koki tatu. Namba Moja ilipeleka maji kwenye nyumba yenyewe: bafu, jiko, maua, na kidimbwi cha bata. Namba Mbili ilipeleka kwenye nyumba za mabati mekundu walikokaa makarani wa Kihindi na mafundi wa mitambo. Namba Tatu ilikuwa yetu sisi wa kambini, wakata mkonge na wake zao na watoto wao, bomba moja la kusimama kwa kambi nzima. Fundi alifungua Namba Moja alfajiri, akaiacha mpaka Bwana aseme basi. Kisha Namba Mbili. Namba Tatu ilikuja saa kumi jioni, kama tangini kimebaki kitu. Wakati wa masika tulipata. Kiangazi kikikaza, bomba letu lilitoa kile tulichokiita mkojo wa mbuzi, halafu linakohoa, halafu kimya. Hapo akina mama wanashika madebe wanakwenda kwenye mfereji, ule uliopeleka maji kwenye mtambo wa kuchakatia mkonge. Mfereji huo ng'ombe wa Rudewa nao walikuwa wanaujua vizuri sana.

Bwana Mkubwa alikuwa na maelezo yake. Alisema tumbo la mtu mweusi limezoea maji ya mfereji, ukimpa maji safi ataugua. Karani mkuu wa Kihindi, ambaye yeye mwenyewe hakuruhusiwa kukanyaga baraza ya kilimani, aliyarudia maneno hayo akaongeza kwamba watu kama yeye wana tumbo la katikati. Kwa hiyo shamba letu lilikuwa na matumbo ya madaraja matatu, kama mabehewa ya treni. Na sisi tulicheka, lakini tukaamini. Bibi mmoja wa kambini alikunywa maji ya Namba Moja siku aliyoitwa kufua kule juu. Akarudi anajishika tumbo, anasema, "Ni kweli jamani, yamenikataa."

Na jambo jingine tuliloliamini, kambi nzima, wakubwa kwa wadogo: kwamba maji yalizaliwa kilimani. Si yanateremka kutoka kule? Si kule kuna uzio na bango la hatari? Basi kule kuna chemchemi, na chemchemi ni ya mwenye nyumba. Injini ya mtoni tulijua inasukuma maji ya mfereji. Akina mama wakifungua bomba la kambi waligeuza uso kilimani wakasema, "Ahsante, Bwana." Mama yangu naye. Nimemwona kwa macho yangu.

Siku ya Uhuru ilipofika, watu wa kambini waliamka wakapanga ndoo kwenye bomba alfajiri. Hakuna aliyewaambia. Walijua tu kwamba bendera imebadilika, kwa hiyo leo maji yataanza na sisi. Ndoo zikapangwa mpaka nyumba ya sita. Fundi akapita na spana yake, akaziona ndoo zote zile, akasimama kidogo. Mtu akamwambia, "Fundi, leo Uhuru!" Akasema, "Hongereni." Akapanda kilima, akafungua Namba Moja.

Siku hiyo walimwita kibaraka, na neno hilo lilimkaa mgongoni miaka mingi. Jioni alifungua Namba Tatu, dakika ileile ya kila siku, kisha akasimama na mkewe kwenye foleni, nyuma kabisa, na debe lao. Maji yakakatika kabla hawajafika. Mkewe akaenda mfereji. Mtu mwenye funguo za maji yote, mkewe anachota mfereji! Nani atamwelewa mtu wa namna hiyo?

Tena alikuwa anavua kofia kila akipita mbele ya ile nyumba ya juu. Bwana akiwapo au akiwa likizo kwao, kofia inavuliwa. Azimio lilipokuja na shamba likawa mali ya umma, Bwana akapanda treni Kimamba na masanduku yake na mbwa wake, nyumba ikakaa tupu miezi miwili. Nikamkuta Fundi anaivulia kofia.

"Mtani, unamsalimu nani? Popo?"

"Nimeisalimu miaka yote hii. Nianze ukorofi uzeeni?"

Kisha akaja Meneja mpya. Mweusi! Mwenzetu! Kijana wa bondeni, kwao Masanze, kasoma mpaka ng'ambo. Akina mama walimpigia vigelegele toka stesheni mpaka kilimani. Alituhutubia akatuita ndugu zangu mara nyingi hivi, sijui ngapi. Akaingia kwenye ile nyumba. Wiki ya pili akaagiza maua mapya. Makarani Waafrika wakaingia kwenye mabati mekundu. Na Fundi kila alfajiri akaendelea kupanda kilima: Moja, Mbili, Tatu, kama kawaida.

Hao waliorithi vyeo na nyumba za Wazungu na Wahindi tuliwaita naizesheni. Nawataja kwa uchungu kwa sababu na mimi nilikuwa mmoja wao, ingawa wa daraja la mwisho. Kwa darasa langu la saba na mdomo wangu nilipata kazi ofisini, msaidizi wa karani. Nikahama kambini, nikapewa chumba kwenye mabati mekundu. Nikanunua suruali ya bugaluu, pana chini, na viatu vya raizoni vya soli nene, nikawa mrefu ghafla. Bomba lilikuwa mlangoni! Nilikuwa nalifungua bila sababu, nalitazama tu, nalifunga.

Mama yangu alikuja kunitembelea na ndoo. Nilimwambia, naapa nilimwambia, apite mlango wa nyuma, wenzangu wasione. Na alipolalamika kwamba watoto wa kambini wanaharisha, nikasema, "Mama, watu wa kambini maji yale wameyazoea."

Mama akanitazama kwanza toka raizoni mpaka kichwani. "Wewe ulizoea lini? Mimi ndiye niliyekuogesha, mbona sikumbuki?"

Akaondoka na ndoo tupu. Mimi nikafungua bomba, nikanawa mikono.

Nasema haya ili mjue kwamba Mzungu alipoondoka hakuacha kiti kitupu. Kila mtu alisogea kiti kimoja mbele, basi. Waliobaki wamesimama walikuwa walewale.

Kiangazi kile kilikuwa kibaya. Mfereji ulipungua ukawa uji. Watoto watatu wa kambi walipelekwa hospitali Kilosa wiki moja, mmoja wao hajitambui. Wafanyakazi wakaitisha mkutano siku ya Jumamosi, kiwanjani kambini, kwa ombi moja tu: Namba Tatu ifunguliwe kwanza. Watoto wanywe, halafu maua. Wakasema wasiposikilizwa, Jumatatu hakuna atakayegusa panga.

Meneja hakutaka kuja. Aliniita ofisini. "Wewe mtoto wa kambini, watakusikiliza. Kawaeleze kitaalamu. Haiwezekani. Maji yako kilimani, lazima yaanzie kilimani. Wachekeshe kidogo, warudi kazini."

Nikaambiwa niwachekeshe! Hata hongo nisingehitaji. Nikaazima ubao wa shule, nikabebewa na watoto wawili, nikafika kiwanjani na bugaluu langu. Nikachora kilima, tangi, mshale unateremka, na chini kabisa kambi, watu vijitivijiti. Nikaanza.

"Ndugu zangu, maji ni kama binadamu mwenye adabu. Huanza kwa wakubwa."

Wakacheka. Nikaona mambo si ndiyo haya.

"Maji huteremka, hayapandi. Mnataka tuyachape viboko yapande? Hapa tulipo ni mwisho wa njia. Hapa chini," nikapiga raizoni ardhini, vumbi likaruka, "hapa chini kuna mchwa na mifupa ya panya, tone la maji hakuna. Hata uchimbe mpaka utokee kwa Wachina."

Bibi mmoja akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, tuhamie kilimani?"

"Mtahamia kwa zamu, bibi, kwa herufi za majina."

Wakacheka tena, lakini safari hii wachache. Mama yangu alikuwa amekaa mbele, hakucheka mara zote mbili. Nikaona nitafute msaada. Fundi alikuwa amesimama pembeni kaegemea spana.

"Huyu hapa mtani wangu!" nikasema. "Amelala na hizo koki tangu enzi za Mjerumani. Mtani, hebu waambie hawa wajukuu zako, hapa chini pana maji?"

Fundi akatazama ardhi. Akatazama spana. Akanitazama mimi muda mrefu hivi, kisha midomo yake ikacheza.

"Mtani," akasema, "sogea kidogo."

"Nisogee wapi?"

"Hatua moja. Umelikanyaga."

"Nimekanyaga nini?"

"Bomba."

Nikasogea, sijui kwa nini, mwili ulitii wenyewe. Akaja pwata pwata mpaka pale niliposimama, akachora mstari kwa kisigino cha kiatu cha Mzungu, akasema, "Chimbeni hapa. Taratibu, msilitoboe."

Vijana wakachukua majembe. Walichimba kina cha mkono mmoja. Jembe likalia ngaa! Wakafukua kwa mikono, na hilo hapo: bomba jeusi, nene kama paja, linatokwa jasho la baridi. Linatoka upande wa mtoni, linapita katikati ya kiwanja chetu cha ngoma, chini ya bomba letu la mkojo wa mbuzi, linakwenda zake kilimani. Fundi akapiga magoti, akagonga mara tatu, akaweka sikio.

"Yamo," akasema. "Yamejaa."

Watu hawakupiga kelele. Walikuja mmoja mmoja wakaweka kiganja juu ya lile bomba, kama wanavyomgusa mtoto mchanga. Mama yangu alikiweka, akakitoa, akakitazama kimelowa. Akageuka akatazama kilima alichokisalimu miaka yote. Sikuweza kumtazama usoni. Maji yalikuwa yanasukumwa na injini ileile ya mtoni, yanapita chini ya miguu yetu, yanapanda kwa mkubwa, anaoga, yanamwagilia maua, halafu tunateremshiwa makombo, tunasema ahsante Bwana.

Fundi alishamtuma kijana kwa mtu wa injini, na mlio wake ukakatika. Mwingine alimletea gunia toka kwake. Akatoa humo msumeno wa chuma na kiungo cha njia tatu, kimepakwa grisi, tayari. Akaingia shimoni. Ndipo ile Landrova ya Meneja ikaingia kiwanjani kwa vumbi. Mtu katuchomea kwake, mpaka leo nasingiziwa mimi. Sikuwa mimi.

"Nani kazima injini?" Meneja kasimama ukingoni, miwani ya jua. "Mzee! Toka humo! Hiyo ni mali ya umma!"

"Ndiyo," Fundi akajibu toka shimoni. "Na umma ndio huu umekuzunguka."

"Ukikata bomba hilo huna kazi! Leo hii! Unanisikia?"

Hapo ndipo watu walipoogopa kweli. Hawakujiogopea wao, walimwogopea yeye. Mtu mzima, nyumba ya kampuni, mke mgonjwa wa miguu. Akifukuzwa analala wapi? Fundi akaweka msumeno chini. Nikajua imekwisha, anavua kofia. Na kweli akaivua. Akasimama wima, kiuno kile kikanyooka, sijawahi kukiona kimenyooka. Akamtazama Meneja kutoka chini, akasema kwa sauti ya kusikika kiwanja kizima:

"Shikamoo, Bwana."

Na Meneja akajibu, "Marahaba."

Lilimtoka tu, kama chafya. Alishazoea. Ofisini wazee wote walimpa shikamoo, kama walivyokuwa wakimpa Mzungu, na yeye anaitikia huku anasoma karatasi. Lakini hapa palikuwa uwanjani, mbele ya watu, jua la saa tisa, na aliyeamkiwa alikuwa na umri wa kuwa mtoto wa mwisho wa yule aliyemwamkia.

Mwanamke mmoja akasema, "Amepokea!" Mwingine, "Ameipokea mchana kweupe!" Na vigelegele vikapanda, ila vya dhihaka, vile vinavyopigwa kwa bwana harusi aliyeanguka. "Marahaba, baba! Ubarikiwe na wajukuu!" Dereva wa Landrova alikuwa anacheka kalala juu ya usukani.

Meneja akavua miwani. Ndugu zangu, nilimwona mtu huyo akirudi Masanze kwa sekunde moja tu. Nilimwona akiwa mtoto wa mtu, aliyefundishwa na bibi yake kupiga goti mbele ya wazee. Akatazama watu, akatazama bomba, akainama pale ukingoni.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu," Fundi akajibu. "Na kwa vile wewe ni wa bondeni, wewe ni mtani wangu, na mtani akichukua kitu chako hukasiriki. Nimechukua maji. Sasa nipokee hiyo spana, mikono imejaa."

Na Meneja akapokea spana.

Sitawasimulia ufundi wote. Ilichukua muda wa sala ndefu ya Fundi na nyimbo zake tatu. Alipomaliza akaelekeza, injini ikawashwa, na mimi kwa kimbelembele changu nikainama kuona yatatokea wapi. Yakatokea! Yalinipiga kifuani yakanilaza chali, raizoni moja ikaenda huku na nyingine kule. Ubao wangu wa mchoro ukafutika wote, kilima na tangi na mshale. Watoto waliingia kwenye maji na nguo zao. Wanaume wazima walijaza kofia wakamwagiana. Bibi yule aliyesema maji safi yamemkataa alikunywa vikombe vinne, akapiga mbweu, akasema, "Yamekubali!"

Mama yangu akaja juu yangu na ndoo imejaa. "Inuka," akasema. "Leo ndiyo umeoga."

Barua za kumshitaki Fundi hazikuandikwa. Wakubwa walikuja toka Morogoro, wakaangalia, wakanywa, wakaondoka. Toka siku ile kambi ilipata maji ya kwanza na kilima kikapata yanayobaki. Na kiangazi hicho hicho, mambo ya dunia, dereva wa Meneja aliteremka na madebe mawili akataka kupita mbele. Akina mama wakamwambia, "Ndugu, foleni inaishia kule kwenye mwembamba yule." Akaenda akasimama nyuma ya yule mwembamba, na yule mwembamba alikuwa Fundi na debe lake. Na safari hiyo Fundi alifikiwa na maji.

Mimi nilirudi kambini kwa hiari yangu, chumba kwa mama. Si kwamba niliambiwa. Bomba la mlangoni lilikuwa limeanza kunitazama.

Fundi alistaafu, akahamia Mikumi kwa binti yake, kijiji cha ujamaa kando ya barabara kuu. Mwaka jana nilimfuata. Basi toka Kilosa lilipita Ulaya, ndiyo, kwetu Ulaya ni kituo, mtu anashuka na kuku, likatufikisha Mikumi mchana. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje, anaelekeza vijana wanaochimba mtaro wa bomba la kijiji. Macho yamepungua, sauti bado.

Nikampa shikamoo yake. Akaitikia. Nikasema, "Mtani, umezeeka vibaya, kama kiatu cha mvua."

"Na wewe umekua vizuri," akasema, "kama jipu."

Tukacheka, tukala ugali na mlenda. Halafu nikamuuliza lililonileta, maana lilinisumbua miaka yote hiyo.

"Fundi, ulijua. Toka mwanzo ulijua. Kwa nini ulinyamaza?"

Alifinyanga tonge mkononi akalisahau.

"Nililizika mimi lile bomba," akasema. "Mimi na manamba waliomaliza mkataba wakarudi makwao. Kambi ililetwa pale baadaye. Mke wangu alipita juu yake na debe la mfereji miaka yote. Mtoto wangu wa kwanza aliharisha akafa, nyumba ya nne toka pale. Kile kiungo ulichokiona nilikichonga wiki ya msiba wake, nikakiweka chini ya kitanda." Akaliweka tonge sahanini. "Nawaza sana, Bwana alinikataza lini kusema? Nawaza siku kwa siku. Hakunikataza. Hakuna aliyenikataza, mtani. Ndicho kinachoniuma. Nilijikataza mwenyewe, kila asubuhi, bure."

Hakungoja mzaha wangu. Aligeuka akamfokea kijana mmoja mtaroni kwamba anachimba kama kuku, na akamwambia bomba la kwanza litoke kwenye nyumba ya mwisho kabisa, kule kwa wajane, ofisi ya kijiji itangoja. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesimama hapohapo. Akasema, "Sawa, Fundi."

Jioni binti yake alinisindikiza barabarani kungoja basi. Mama mtu mzima, mrefu kama baba yake. Nikamwambia kwamba mpaka leo naona haya, kwamba nikikumbuka ule ubao nataka ardhi ipasuke.

Akacheka. "Kaka, baba anakuombea kila Jumapili. Yeye alimwogopa Meneja. Watu wa kambi aliwaonea haya. Miaka yote alikosa mtu wa kuanza kumwambia, mpaka ulipokuja wewe na ujinga ule. Anasema wewe peke yako hukumtisha hata kidogo."

"Kwa hiyo ujinga wangu ulisaidia?"

"Ulisaidia sana," akasema, akinisimamishia basi. "Ila usirudie."